Kunyooshwa Mgongo au Vidonge vya Presha: Kipi Kinafanya Kazi Gani

Baba mdogo alinipigia simu kutoka Bombo wiki ya pili baada ya Idi. Tukasalimiana, tukaulizana watoto, tukaulizana mvua, kisha akafika alikokuwa anakwenda.

"Mwanangu, yule mtu wa Kampala aliyekunyoosha mgongo bado yupo? Nasikia akikushika shingo, presha inashuka yenyewe. Mimi hivi vidonge vimenichosha."

"Vimekuchosha vipi, Baba?"

"Vimenichosha tu."

Nikamwomba anipe siku mbili. Jibu la kwenye simu lingekuwa fupi, naye angelichukua lile neno analolitaka na kuliacha jingine. Tena si yeye peke yake anayeuliza. Hapa Malaba, mpakani na Kenya upande wa Uganda, madereva wanaosubiri makaratasi hulijadili jambo hili kivulini chini ya tela: mmoja ameona video ya mtu akigeuzwa shingo ikalia, mwingine ana shemeji aliyeacha dawa na "yuko fiti kabisa". Mimi nimepita njia zote mbili, kwa hiyo naziweka hapa bega kwa bega kwa anayetaka kuchagua.

Mgongo niliupatia kwenye usukani, miaka 16 ya Mombasa, Kampala na Juba. Presha sijui niliipata lini, maana haibishi hodi. Iligunduliwa siku niliyokwenda kupima malaria. Katika hilo nina wenzangu wengi. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Uganda mwaka 2014 ulikuta zaidi ya robo ya watu wazima wana presha ya kupanda, na katika hao wenye presha, waliokuwa wanajua kwamba wanayo hawakufika hata mmoja kati ya kumi.

Mnyooshaji ni nani hasa

Tuanze hapa kwa sababu watu huchanganya. Mtaalamu wa kairopraktiki, ambaye hapa namwita mnyooshaji, si muyunzi, yule fundi wa mifupa wa Buganda anayefunga mguu uliovunjika kwa vijiti na dawa za majani. Si mkandaji wa mafuta ya nazi. Wala si mtu wa fiziotherapia, ambaye utamkuta kwenye hospitali kubwa za rufaa za serikali akikufundisha mazoezi. Mnyooshaji husukuma pingili za uti wa mgongo kwa mikono, kwa mshtuko mfupi wa haraka, na mara nyingi kiungo hulia kama mtu anayevunja vidole. Ule mlio ni gesi ndani ya maji ya kiungo. Si mfupa unaorudi mahali pake.

Kazi hii ilianzia mji wa Davenport, jimbo la Iowa, Marekani. Tarehe 18 Septemba 1895, Daniel David Palmer alimsukuma pingili Harvey Lillard, mfanya usafi katika jengo alimokuwa na ofisi, ambaye alikuwa hasikii vizuri, na baadaye Palmer akatangaza kwamba masikio ya Lillard yamefunguka. Kwa tukio hilo akajenga nadharia nzima: magonjwa 95 katika kila 100 hutokana na pingili zilizohama zikabana neva. Wanyooshaji wengi wa leo hawaendi umbali huo. Wanashughulika na kiuno, shingo na maumivu ya kichwa, na wanasoma miaka mingi. Hapa Afrika wanafundishwa kwenye vyuo vikuu vya Durban na Johannesburg hadi shahada ya uzamili. Lakini wapo bado wanaoshika nadharia ya mzee Palmer, na hao ndio utawasikia wakisema pingili ya kwanza ya shingo, inayoitwa atlasi, ikikaa sawa basi presha nayo itakaa sawa.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mnyooshaji yeyote ni hili: umesomea wapi, na cheti kiko wapi? Aliyesoma hachukii kuulizwa. Aliyejifunza kwenye simu atakuambia habari za kipaji.

Siku niliyodhani nimepona

Kliniki yenyewe siitaji, maana mgongo walinisaidia na sina ugomvi nao. Iko ghorofa ya tatu, na siku hiyo lifti ilikuwa mbovu. Nilipanda ngazi huku nikigombana kwenye simu na mtu aliyekuwa amekosea namba ya kontena. Nilipofika, kijana wa mapokezi akanivalisha mkanda wa mashine juu ya shati. Namba ya juu 168, ya chini 102. Nikaingia ndani, nikalala kifudifudi kitanda laini, taulo ya moto mgongoni, chumba kimya kabisa. Mnyooshaji akafanya kazi yake polepole, akamalizia na shingo. Dakika ishirini hivi. Nilipoinuka wakanipima tena: 146 kwa 90.

"Unaona?" akasema.

Nikaona. Nikalipia vikao 12 papo hapo, na kikao kimoja tu kilizidi bei ya vidonge vyangu vya miezi mitatu. Wiki hiyohiyo nikaacha vidonge. Niseme kweli: hakuna aliyeniambia niviache. Niliviacha mwenyewe, kwa furaha.

Siku ya tano nikapita kituo cha afya cha serikali karibu na nyumbani, nimetoka kwa boda ya mbio. Sista akanipima: 164 kwa 100. "Mzee, umekimbizwa na nani?" Akaniambia nikakojoe kwanza. Kisha nikae kwenye kiti chenye egemeo, miguu chini bila kupandisha mmoja juu ya mwingine, mkono juu ya meza, simu izimwe, nisiseme na mtu. Akaenda kuhudumia watoto wawili. Aliporudi akakunja mkono wa shati langu, akanipima tena: 147 kwa 91. Nikamsimulia habari za Kampala, ngazi na taulo na shingo. Alicheka hadi akaegemea mlango.

"Basi na mimi nimekunyoosha," akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokilipia. Ngazi, hasira, simu, kibofu kilichojaa, mkanda juu ya nguo: kila kimoja kinapandisha namba. Ukilazwa dakika ishirini mahali pa kimya, namba itashuka hata kama aliye chumbani nawe ni paka. Kupima kabla ya kikao na mara baada ya kikao hakukuambii lolote kuhusu presha yako ya Jumanne ijayo saa kumi na mbili asubuhi, na hiyo ndiyo inayopasua mishipa ya ubongo.

Ukitaka kujua kama kitu chochote kinashusha presha yako, iwe shingo, kidonge au kitunguu saumu, pima nyumbani kwa mashine ya mkono wa juu (za kifundo cha mkono hazitabiriki), asubuhi na jioni, wiki mbili kabla na wiki mbili za kukitumia, na uandike. Kipimo cha kliniki kinahesabiwa presha kikifika 140 kwa 90; cha nyumbani, ambako umetulia, kikifika 135 kwa 85.

Utafiti, kwa haki ya pande zote mbili

Wanaotangaza shingo wana utafiti mmoja wanaoupenda, nao si wa uongo. Ulifanyika Chicago ukachapishwa mwaka 2007. Watu 50 wenye presha, bila dawa, waligawanywa: wengine pingili ya atlasi ikarekebishwa kweli, wengine wakafanyiwa igizo la kurekebishwa. Baada ya wiki nane namba ya juu ilikuwa imeshuka 17 kwa kundi la kwanza na 3 kwa la pili. Kumi na saba si mchezo. Lakini watu 50 ni abiria wa basi moja ambalo halijajaa, waliochaguliwa kwa sababu pingili hiyo ilionekana imehama, na wenyewe waliuita utafiti wa majaribio ya awali.

Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2002, haunukuliwi kwenye video. Ulikuwa na watu 140. Nusu walipewa ushauri wa chakula peke yake, nusu wakapewa ushauri huo pamoja na kunyooshwa. Walionyooshwa hawakushinda wenzao kwa chochote. Na mwaka 2012 ulipofanywa ukaguzi wa tafiti zote za kunyoosha uti kwa ajili ya presha, waliokagua walisema ushahidi imara wa kuitumia kama tiba ya presha haupo.

Upande wa vidonge mzani ni mwingine kabisa. Uchambuzi wa mwaka 2016 uliojumlisha majaribio 123 ulionyesha kwamba kila namba ya juu inaposhushwa kwa 10, kiharusi hupungua kwa zaidi ya robo. Na kuna utafiti mmoja ninaopenda kuwatajia wanaosema dawa hizi ni za wazungu: matokeo yake yalitoka mwaka 2019, wagonjwa 728, wote Waafrika weusi, kutoka Uganda, Kenya, Msumbiji, Nigeria, Kameruni na Afrika Kusini. Walilinganisha michanganyiko mitatu ya dawa mbili mbili. Miwili iliyokuwa na amlodipini ndani yake ilishusha presha kuliko ule usiokuwa nayo. Hiyo ni damu yetu iliyopimwa. Ndiyo maana ukienda kliniki ya presha leo mara nyingi amlodipini ni miongoni mwa dawa za kwanza utakazopewa.

Vidonge navyo vina maneno yake

Sitaki kuvifanya vitakatifu. Amlodipini inaweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Lisinopili na kaptopili huwapa baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichoisha, na wengi hutibiwa kifua miezi mitatu kabla mtu hajauliza unameza nini. Hizo mbili, pamoja na losartani, hazifai kabisa kwa mwenye mimba. Mjamzito ana dawa zake, kama methildopa. Dawa za kukojoza zinamwadhibu dereva aliyekwama kwenye foleni ya malori. Nifedipini ya kuyeyuka taratibu ukiisaga au kuitafuna inaachia yote kwa mkupuo, na presha ikiporomoka ghafla unaweza kuanguka.

Kila moja ya shida hizi ina dawa nyingine ya kuibadili. Kikohozi? Kuna losartani. Miguu imevimba? Kipimo hupunguzwa au hubadilishwa. Kinachohitajika ni kurudi na kusema, na hapo ndipo tunaposhindwa, kwa sababu tumezoea malaria: unameza dozi, inaisha, umepona. Presha haina kumaliza dozi. Namba nzuri ukiwa kwenye dawa maana yake dawa inafanya kazi; haina maana kwamba umeachiwa. Na zipo, atenololi mojawapo, ambazo ukizikata ghafla moyo hurudi kwa kasi kuliko ulivyokuwa.

Shida kubwa ya upande huu kwetu ni rafu tupu. Huduma za serikali hazina malipo tangu Machi 2001, lakini kukuta dawa ni bahati nyingine; mara unapewa za wiki mbili, mara unaambiwa ununue. Mimi huuliza siku ya kliniki ya presha, nafika mapema, na zikinibakia za siku kumi naanza kutafuta. Ukisubiri ziishe, utakaa siku tatu bila dawa na hutasikia kitu. Kutosikia kitu ndiko kunakodanganya.

Niliporudi kwa baba mdogo nilimuuliza tena vidonge vimemchosha vipi, safari hii nikasubiri. Ikatoka: anaamka mara nne usiku kwenda msalani, na choo kiko uani. Anatumia losartani pamoja na dawa ya kukojoza, na tangu Ramadhani alizoea kuzimeza baada ya futari. Ramadhani imekwisha, yeye ameendelea na saa ileile. Nikamwambia amuulize sista kama anaweza kuhamishia asubuhi. Alihamisha. Anaamka mara moja. Mzee alikuwa tayari kwenda kugeuzwa shingo Kampala kwa sababu ya choo cha uani.

Mgongo na presha zinakutana wapi

Hapa ndipo pana jambo ambalo sikuliona likisemwa kliniki yoyote, ya serikali wala ya ghorofani.

Mtu mwenye mgongo hatembei bila dawa ya maumivu. Anapita duka la dawa, anasema "nipe diklo", anapewa vidonge kumi vya diklofenaki kwenye kijipaketi, au ibuprofeni, wakati mwingine vimechanganywa na kidonge kidogo cheupe kisichotajwa jina. Diklofenaki na ibuprofeni huzuia chumvi na maji yasitoke mwilini. Presha hupanda, na mbaya zaidi, hupunguza nguvu ya dawa za presha, hasa zile za losartani na wenzake na za kukojoza. Ukimeza zote tatu pamoja, losartani, ya kukojoza na diklofenaki, unazibana figo zako kutoka pande tatu. Na yale machanganyiko yasiyotajwa mara nyingine yana prednisoloni, ambayo nayo hupandisha.

Sasa mfikirie mtu huyu akienda kwa mnyooshaji mzuri. Mgongo unatulia. Anaacha diklo. Baada ya mwezi anapima presha, imeshuka. Atasema ni shingo, na utamlaumu vipi? Kumbe kilichoondoka ni kidonge. Mimi mwenyewe nadhani sehemu ya nafuu yangu ilikuwa hiyo, maana nilikuwa nameza diklo kama karanga. Unaweza kuipata nafuu hiyo bila kupanda ngazi: mwambie mhudumu una presha, uulize parasetamoli, uulize fiziotherapia, utembee. Maumivu yenyewe pia hupandisha namba kwa muda, kwa hiyo si vema kujikaza kisabuni. Ila chagua kinachotuliza bila kukuchoma upande wa pili.

Kutembea nakuweka hapa kwa sababu ndiko peke yake kunakolipa madeni yote mawili. Shirika la Afya Duniani husema angalau dakika 150 kwa wiki. Kutoka geti la forodha hadi nyumbani kwangu ni dakika 25. Siku tano naenda na kurudi kwa miguu, boda ikinipigia honi nikaipungia mkono, ingawa boda boda ilizaliwa mpakani hukuhuku na tunaionea fahari.

Na chumvi. Kiwango ni chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa yote: ya kwenye mboga, ya kwenye mkate, ya kwenye viungo vya paketi, ya kwenye samaki mkavu. Watu wengi niliowauliza wameshaacha chumvi mbichi ya mezani na wanadhani wamemaliza. Niulize kuhusu magadi. Maharage yanalainishwa kwa magadi, majani ya kunde yanalainishwa kwa magadi, na magadi ni sodiamu ileile inayopandisha presha, ila haina ladha ya chumvi kwa hiyo mpishi anaongeza chumvi juu yake. Loweka maharage usiku kucha, magadi utayasahau. Waragi na pombe ya mtama sina haja ya kuvieleza. Wanaokunywa wanajua wanachokunywa.

Hatari ni za aina mbili

Hatari ya vidonge ni ya polepole na inaonekana: mguu unavimba, unasema, unabadilishiwa. Hatari ya kunyooshwa ni nadra sana lakini ikija haikupi nafasi. Shingo ikigeuzwa kwa nguvu, mshipa wa damu unaopanda kwenda kwenye ubongo unaweza kuchanika ndani, na hapo kiharusi kinafuata. Mwaka 2014 chama cha magonjwa ya moyo cha Marekani kilitoa tamko kikitaka wagonjwa waambiwe kuhusu uhusiano huo kabla ya kuguswa shingo. Mwenye presha isiyodhibitiwa, anayemeza dawa za kufanya damu iwe nyepesi, au mwenye mifupa iliyodhoofika, asiruhusu shingo igeuzwe. Kiuno ni habari nyingine.

Halafu kuna migongo isiyotakiwa kusukumwa na mtu yeyote. Huku kwetu kifua kikuu huingia kwenye pingili; mtu anapungua uzito, anatoka jasho usiku, ana homa, na mgongo unauma hata akilala. Anayekunywa maziwa mabichi kwenye maeneo ya mifugo anaweza kuwa na brusela, ambayo huuma kiuno na viungo vilevile. Mzee wa kiume mwenye maumivu mapya ya mgongo yasiyoondoka apimwe tezi dume. Na ukiona miguu inakufa ganzi, au mkojo na choo havizuiliki, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo. Mnyooshaji aliyesoma atakuuliza haya yote na kukurudisha kwa daktari kabla ya kukugusa. Wangu aliniuliza, ndiyo maana bado namheshimu. Angenyamaza tu kuhusu presha tungebaki marafiki.

Kwa presha nayo, ukifika 180 kwa 120 pamoja na kifua kubana, kichwa kupasuka, macho kufifia, ulimi kuwa mzito au mkono kulegea, usitafute kidonge cha ziada wala kitanda cha kunyooshwa. Tafuta gari.

Kwa hiyo nani aende wapi

Kama una presha na mgongo hauumi, sioni cha kukupeleka kwa mnyooshaji. Hata kidogo. Fedha ya vikao nunua mashine ya kupimia na dawa za kuziba yale mapengo ya rafu tupu. Kama unaishi Arua au Kotido na mnyooshaji yuko Kampala, siku mbili za basi zitaumiza mgongo kuliko atakavyoutengeneza.

Kama una mgongo na presha, anza na presha iwe imetulia, kisha mgongo. Kwa mgongo ningeanza na fiziotherapia, kwa kuwa iko karibu, ni nafuu, na unaondoka na mazoezi ambayo ni yako. Ukiwa na uwezo na umempata mnyooshaji mwenye cheti, nenda. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno uliweka kunyoosha uti kati ya tiba zinazoweza kutumika, pamoja na mazoezi. Mwambie namba zako na dawa zako, mwambie asiguse shingo, na ulipe kikao kimoja kimoja. Ukishalipia 12 unaanza kuamini ili fedha isiume. Baada ya vinne au vitano, kama hakuna tofauti, mshukuru uondoke.

Kama una mgongo bila presha, je, una uhakika? Umepimwa lini?

Na yeyote atakayekuambia uache vidonge kwa sababu amekunyoosha, awe na koti jeupe au kanzu, mwombe akuandikie hilo kwenye karatasi na kuweka sahihi. Mimi nimelijaribu neno hili kwa wawili. Wote walikumbuka wana mgonjwa mwingine anayesubiri.

Baba mdogo hakwenda Kampala. Binamu alimnunulia mashine, na juzi akanitumia kwenye Wasapu picha ya ukurasa wa daftari lake la hesabu: mistari 14, asubuhi na jioni, kwa mwandiko wake wa kiaskari uliosimama wima. Siku nyingi namba ya juu inacheza kwenye 130 na kitu. Jumapili hakuna namba, ameandika tu "arusi, pilau". Kuanzia Jumatano hadi Ijumaa zimepanda, 149, 152, 154, na pembeni, kwa mwandiko mwingine mdogo wa mlalo ambao najua ni wa mama mdogo, kuna maneno matatu: alimeza za goti.